Jalada la mchezo wa njozi: ahadi inayotolewa kabla ya dado kurushwa

Kwa takriban nusu karne, mchezo wa Dungeons & Dragons umeuzwa kwa picha za majoka, wachawi na mashujaa wenye panga. Picha hizo hazikuwa pambo tu. Ziliwaeleza wanunuzi watarajie nini, ziliwatia hofu baadhi ya wazazi, na zilichangia kuamua ni nani atakayejiona kuwa amealikwa mezani.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wachapishaji wa vitabu na michezo, hata hivyo, wanafahamu kwamba dukani hata kilicho chema hakina budi kujitembeza. Mnunuzi husimama mbele ya rafu kwa muda mfupi. Hajazisoma kanuni za mchezo, hamjui aliyeutunga, wala hana hakika kama rafiki zake wataupenda. Kinachozungumza naye wakati huo ni jalada.

Anayenunua riwaya huhitaji kurasa chache tu kujua kama jalada lilimwambia kweli. Kwa michezo ya njozi ambamo wachezaji huigiza wahusika, jambo hilo si jepesi, kwa sababu mchezo wenyewe haumo ndani ya kitabu. Kitabuni mna kanuni na maelezo, lakini kisa hutungwa na wachezaji wenyewe wakiwa wameketi pamoja. Kwa hiyo picha iliyoko nje huingia ndani ya kisa hicho na kukielekeza, mara nyingi bila ya wachezaji kutambua.

Mchezo usiohitaji ubao

Dungeons & Dragons ulibuniwa nchini Marekani na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson. Ulichapishwa mwaka 1974 na kampuni ya TSR katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Gygax alifariki dunia mwaka 2008, na Arneson akamfuata mwaka 2009, lakini mchezo wao unaendelea kuchezwa katika nchi nyingi.

Namna unavyochezwa ni rahisi kuieleza. Watu kadhaa huizunguka meza. Mmoja wao huwa kiongozi, na kazi yake inafanana na ya mtambaji wa hadithi: hueleza mahali palivyo, viumbe waliopo na hatari inayokaribia. Kila mmoja wa waliobaki humwigiza mhusika wake, awe mpiganaji, mchawi, mwizi au kasisi. Kiongozi husema kuna mlango wa chuma na nyuma yake kitu kinanguruma, kisha huuliza: mtafanya nini? Wachezaji hujibu, na pale ambapo matokeo hayajulikani, dado hurushwa. Iliyo mashuhuri zaidi ni ile yenye pande 20.

Kwa waliolelewa katika utamaduni wa ngano, jambo hili si geni kabisa. Tofauti ni kwamba hapa msikilizaji haishii kuitikia pakawa baada ya paukwa. Yeye mwenyewe huingia katika ngano na kuigeuza.

Lakini watu watano wakilisikia neno moja, kila mmoja huona jambo lake. Chukua neno joka. Msemaji wa Kiswahili anaweza kumfikiria nyoka mkubwa asiye na miguu wala mabawa. Mwingereza humfikiria mnyama mwenye miguu minne, mabawa kama ya popo na pumzi ya moto. Ili mchezo uende, wote hawana budi kuliona joka moja. Jalada ndilo linalowapa picha ya pamoja, na ndiyo sababu uzito wake ni mkubwa kuliko ule wa jalada la mchezo wa karata au wa bao.

Sanduku la rangi ya kahawia

Toleo la kwanza la mwaka 1974 lilikuwa la nakala 1,000 tu. Lilikuwa sanduku la kahawia lililofanana na mbao, lenye vijitabu vitatu ndani yake. Michoro yake haikuwa ya wasanii mashuhuri, na mingine ilinakiliwa kutoka katika vitabu vya katuni. Juu ya sanduku palikuwa na picha ya mpiganaji aliyempanda farasi anayesimama kwa miguu ya nyuma, na maandishi yalieleza kwamba ndani mna kanuni za vita vya kubuni vya zama za kati, vinavyochezwa kwa karatasi, penseli na vinyago vidogo.

Jalada hilo halikumshawishi mpita njia, wala halikukusudiwa kumshawishi. Lilizungumza na watu waliokwisha kuwa na mazoea ya kucheza vita vya mezani. Mchezo ulipoanza kupata wateja wapya, wakiwemo wanafunzi, lugha hiyo ya wachache haikutosha tena. Mwaka 1977 likatoka sanduku la wanaoanza, lenye mchoro wa David Sutherland: joka jekundu limekalia lundo la hazina, na mbele yake wamesimama mchawi na mpiganaji mwenye upinde. Kwa picha moja mnunuzi alielezwa jina la mchezo, adui aliyemo na zawadi inayowaniwa.

Baada ya vita, au katikati ya vita?

Nguvu ya jalada huonekana vyema zaidi pale picha mbili za mchezo huohuo zinapowekwa pamoja. Ya kwanza ni ya kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, iliyochorwa na David Trampier. Ya pili ni ya sanduku jekundu la mwaka 1983, iliyochorwa na Larry Elmore.

Katika picha ya Trampier, vita vimekwisha. Sanamu kubwa ya kishetani imekaa ndani ya hekalu, na wezi wawili wameipanda ili kuling'oa jicho lake, ambalo ni kito cha thamani. Chini kuna maiti za viumbe waliofanana na mijusi, na wenzao wengine wanashauriana. Hakuna anayejigamba, na hakuna shujaa mmoja anayewazidi wengine. Ni watu walio kazini, na kazi yenyewe ni ya hatari na si ya halali sana.

Aliyeingia katika mchezo kupitia mlango huo alifundishwa jambo kabla ya kusoma ukurasa wa kwanza. Alifundishwa kwamba mchezo huu ni wa kikundi, kwamba hazina ni muhimu kuliko sifa, na kwamba mwenye akili hufika mbali kuliko mwenye nguvu. Kanuni za wakati ule zilikubaliana na picha hiyo, kwa kuwa wachezaji walijipatia sehemu kubwa ya maendeleo yao kwa hazina waliyofanikiwa kutoka nayo.

Picha ya Elmore ni kinyume chake. Mpiganaji mmoja, ambaye mtazamaji anamwona kwa mgongo, ameinua silaha mbele ya joka jekundu linalomrukia. Hakuna ramani, hakuna wenzake, hakuna mazungumzo. Kwa kuwa uso wa mpiganaji haujitokezi, mtazamaji anaweza kujiweka mahali pake kwa urahisi. Sanduku hilo lilitolewa kwa lugha kadhaa, zikiwemo Kifaransa, Kijerumani na Kijapani, na kwa watu wengi picha hiyo ndiyo iliyokuwa sura ya mchezo.

Hata hivyo, sanduku lilitoa ahadi lisiyoweza kuitimiza mara moja. Kanuni zilizokuwamo ziliishia daraja ya tatu, yaani zilimfaa mhusika ambaye ndiyo kwanza anaanza safari yake. Mhusika wa aina hiyo akikutana na joka jekundu, pumzi moja ya moto hutosha kumteketeza. Vijana waliofungua sanduku wakitaraji kuua joka jioni ileile walikuta kwamba hata panya wakubwa na majambazi wa kawaida wanaweza kuwaua. Wengine walikata tamaa. Wengine walielewa kwamba joka la jaladani ni mwisho wa safari ndefu, na hamu ya kulifikia ikawarudisha mezani wiki baada ya wiki.

Afriti mlangoni

Picha haimfikii mchezaji peke yake. Humfikia pia mzazi anayeikuta juu ya kitanda cha mwanawe, na hapo ndipo jalada lilipowahi kuleta mtafaruku mkubwa.

Mwaka 1979 kilitoka kitabu cha kiongozi wa mchezo, chenye jalada la Sutherland. Lilionyesha jitu jekundu lenye pembe, likiwa limemshika mwanamke kwa mkono mmoja, huku watu wachache wakijaribu kulikabili. Kwa Mmarekani wa kawaida, huyo alikuwa shetani tu. Kumbe kiumbe aliyekusudiwa ni yule ambaye Waswahili humwita afriti, jini wa moto anayejulikana katika masimulizi ya Kiarabu, na upande wa nyuma wa jalada ulichorwa Mji wa Shaba, jina ambalo wasomaji wa Alfu Lela Ulela wanalifahamu. Mtazamaji wa Unguja au Muscat angeweza kuona hekaya ya zamani pale ambapo mzazi wa Marekani aliona ibada ya kuzimu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya hofu nchini Marekani. Mwaka 1983 mama mmoja wa jimbo la Virginia, aliyempoteza mwanawe kwa kujiua mwaka uliotangulia, alianzisha jumuiya ya kuupinga mchezo huo. Makanisa kadhaa yaliukemea, na mwaka 1985 suala hilo likafikishwa kwenye kipindi mashuhuri cha televisheni cha 60 Minutes. Uchunguzi uliofanywa baadaye haukuthibitisha kwamba mchezo unasababisha vijana kujiua. Lakini huzuni ya wazazi ilikuwa ya kweli, na kwa mtu ambaye hajawahi kuketi kwenye meza ya mchezo, picha ya nje ndiyo iliyokuwa ushahidi wa kwanza na pengine wa pekee.

Maneno yaleyale, sura nyingine

Kampuni ya TSR ilianza kubadilisha sura ya vitabu vyake. Kuanzia mwaka 1983, vitabu vikuu vilichapishwa upya vikiwa na majalada mapya ya Jeff Easley. Sanamu ya kishetani ilimpisha mzee mchawi anayefanya uganga wake vitani. Afriti naye alimpisha mtu aliyevaa joho, anayefungua milango mikubwa kana kwamba anamkaribisha msomaji. Kitabu kilichohusu miungu na mashujaa wa kale kilibadilishwa hata jina mwaka 1985.

La kuzingatia ni kwamba kanuni zilizokuwa ndani ya vitabu vile viwili vikuu zilibaki karibu zilezile. Mwizi aliendelea kuiba na afriti aliendelea kuwamo. Kilichobadilika ni kile alichokiona mzazi, muuza duka na mtoto kabla ya kufungua kitabu. Toleo la pili la mchezo lilipotoka mwaka 1989, mabadiliko yalikuwa yamefika ndani: maneno ya Kiingereza yenye maana ya mashetani yaliondolewa na viumbe hao wakapewa majina ya kubuni. Jalada la kitabu cha wachezaji likawa na wapanda farasi wanaotimua mbio kumwelekea mtazamaji. Wezi wa hekaluni walikuwa wamegeuka mashujaa wa uwanjani.

Kutoka Japani hadi Marekani

Mfano mwingine unatoka katika michezo ya kompyuta. Mwaka 1986 kampuni ya Enix ya Japani ilitoa mchezo wa Dragon Quest, uliobuniwa na Yuji Horii. Michoro yake ilikuwa ya Akira Toriyama, msanii wa katuni aliyefariki dunia mwaka 2024. Wahusika wake wana nyuso za mviringo na macho makubwa, na kiumbe wake maarufu zaidi ni tone la buluu linalotabasamu.

Mchezo huo ulipopelekwa Marekani mwaka 1989, ulipewa jina la Dragon Warrior, kwa kuwa jina la awali lilikuwa tayari linatumiwa na mchezo mwingine wa mezani. Jalada nalo lilibadilishwa. Mtindo wa Toriyama uliachwa, na nafasi yake ikachukuliwa na mchoro wa rangi nzito wa shujaa anayepambana na joka, unaofanana na ule wa vitabu vya njozi vya Kimarekani. Hata mazungumzo ya wahusika yaliandikwa kwa Kiingereza cha kale.

Mtoto wa Japani alifungua sanduku akitaraji safari yenye mzaha na uchangamfu. Mwenzake wa Marekani alitaraji utenzi mzito wa zama za kati, kisha akakutana na tone linalotabasamu. Mchezo ulikuwa mmoja, lakini kila mmoja aliingia kwa mlango wake. Ilikuwa mwaka 2005 ambapo mfululizo huo ulirejea katika soko la Marekani kwa jina lake la asili, na michoro ya Toriyama ikaonyeshwa bila kufichwa.

Picha inapoitangulia hadithi

Kwa kawaida mwandishi hutangulia na mchoraji hufuata. Lakini mambo huweza kwenda kinyume. Mwaka 1991 TSR ilitoa ulimwengu mpya wa mchezo ulioitwa Dark Sun, ambao ni nchi ya jangwa yenye jua kali, uhaba wa maji na wafalme wachawi. Msanii wake, anayetumia jina moja tu la Brom, alikuwa akichora wakati ulimwengu huo ulipokuwa bado unatungwa, na waandishi waliingiza katika maandishi yao watu na mambo waliyoyaona kwenye michoro yake.

Matokeo yake yalikuwa jalada lisilotofautiana na yaliyomo. Aliyeona watu waliochomwa na jua, wenye silaha za mifupa na nguo chakavu, alielewa kwamba hapa chuma ni adimu, maji ni mali na wema hautoshi kumwokoa mtu.

Nani anayeonekana kwenye picha?

Swali zito zaidi linahusu watu wanaochorwa. Kwa miaka mingi mashujaa wa majalada walikuwa wanaume weupe. Wanawake walipotokea, mara nyingi walikuwa mateka au wapiganaji waliovaa nguo ambazo zisingeweza kuzuia hata upepo, seuze upanga. Kanuni zilisema kila mtu anaweza kuwa mhusika yeyote. Picha zilisema jambo jingine.

Uzito wa jambo hilo unajitokeza katika kisa cha Charles Saunders, mwandishi Mmarekani mweusi aliyehamia Canada na kufariki dunia mwaka 2020. Saunders aliandika riwaya za njozi zinazotokea katika bara la kubuni lililojengwa juu ya historia na masimulizi ya Afrika, na jina alilolipa bara hilo ni la Kiswahili: Nyumbani. Riwaya yake ya kwanza, Imaro, ilitoka mwaka 1981. Mchapishaji alitaka kuweka jaladani maneno yanayomtangaza shujaa huyo kuwa ni Tarzan mweusi. Wamiliki wa haki za Tarzan walipinga, jalada likalazimika kubadilishwa, na kitabu kikachelewa kufika madukani.

Hasara haikuwa ya muda tu. Saunders alikuwa amemtunga Imaro ili kuijibu taswira ya Tarzan, yaani taswira ya Afrika inayotawaliwa na mgeni mmoja mweupe. Jalada lilitaka kumuuza kwa jina la kile alichokipinga. Wanunuzi wangeingia wakitafuta nakala, ilhali aliyekuwamo ni mtu mwenye asili na historia yake.

Katika michezo ya mezani mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 2002 kampuni ya Atlas Games ya Marekani ilichapisha Nyambe, kitabu cha mchezo kilichotumia simulizi za Afrika. Mwaka 2014 toleo la tano la Dungeons & Dragons lilitoka likiwa na jalada la Tyler Jacobson: jitu kubwa la moto limekaribia kulijaza jalada lote, na anayelirukia kwa uganga ni mwanamke. Ndani ya kitabu hicho, katika sehemu inayoeleza binadamu ni kiumbe wa namna gani, mchoro uliowekwa ni wa mwanamke mweusi. Hapakuandikwa maelezo yoyote ya kulitetea jambo hilo, wala halikuhitaji utetezi.

Kwa binti wa familia ya Kiafrika anayekulia Birmingham au Minneapolis, ukurasa kama huo si jambo dogo. Kanuni za mchezo zinamruhusu kuwa shujaa, lakini ruhusa na mwaliko ni vitu viwili. Ruhusa huandikwa kwa maneno ambayo huenda asiyasome. Mwaliko huuona kwa macho.

Kumbukumbu kama bidhaa

Mwaka 2010 wamiliki wa mchezo, kampuni ya Wizards of the Coast iliyokuwa imeinunua TSR mwaka 1997, walitoa sanduku jipya la wanaoanza. Juu yake walirudisha mchoro uleule wa Elmore wa mwaka 1983. Ndani yake, hata hivyo, mlikuwa na kanuni za toleo la nne, ambazo ni tofauti kabisa na za zamani. Watu wazima waliolinunua ili wawaonyeshe watoto wao mchezo wa utoto wao walikuta picha waliyoijua na mchezo wasioujua.

Hapo ndipo siri ya jalada inapofichuka. Jalada halielezi kilichomo tu. Huchagua ni sehemu gani ya kilichomo itakayotangulia kuonekana, na sehemu hiyo hugeuka kipimo ambacho mengine yote hupimwa nacho. Mchezo uleule unaweza kuwa wa wezi, wa mashujaa, wa mashetani au wa marafiki, kulingana na picha iliyowekwa mbele.

Kwa mzazi anayetaka kujua mwanawe anacheza nini, njia ya uhakika zaidi ni kuomba kiti mezani kwa nusu saa. Asimamie kusikiliza anayeongoza ni nani, wanaambizana nini, na nani anapewa nafasi ya kusema. Usione vyaelea, vimeundwa. Na chombo hiki huundwa na wale walioketi kukicheza, hata kama ni mchoraji aliyekipaka rangi.